Msamaha wa madeni haukufuta mazoea ya kukopa

Hotuba ya bajeti iliyosomwa bungeni Juni 2025 ililieleza Taifa kwamba hadi mwezi Machi wa mwaka huo deni la Serikali lilikuwa limefikia shilingi trilioni 107.70. Mwaka mmoja kabla lilikuwa shilingi trilioni 91.7. Wapo walioshtuka wakadai kwamba nchi imekwisha kuuzwa. Na wapo waliotulizwa na maelezo ya wataalamu kuwa deni hilo ni himilivu, kwa kuwa thamani yake ya sasa ni asilimia 40.3 ya pato la Taifa na ukomo ni asilimia 55. Pande zote mbili zinabishania ukubwa wa mzigo. Wanaouliza mzigo wenyewe umebeba nini, na nani aliyeufunga, ni wachache mno.

Mkoa wa Morogoro una mengi ya kusema juu ya jambo hili, nao ulianza kuyajua kabla ya Uhuru. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, ikawalazimisha Waluguru kukata ngazi kwenye miteremko ya mashamba yao ili kuzuia mmomonyoko. Bwana shamba hakuwa mwongo. Udongo ulikuwa kweli ukiteremka na kuingia mto Ruvu. Lakini hakuwauliza wenye milima. Katika sehemu nyingi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu, na kukata ngazi kulikuwa ni kuufukia udongo unaozaa na kuuanika juani usiozaa. Julai 1955 watu wa Matombo walikataa. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango wenyewe haukudumu baada ya hapo. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja, ilipata wasikilizaji wengi katika milima ile bila ya kuhitaji hotuba ndefu.

Kumlaumu mkoloni ni kazi nyepesi. Robo karne baadaye, nchi ikiwa huru na Azimio la Arusha likiwa limekwisha kuonya tangu 1967 juu ya kufanya fedha za kigeni kuwa msingi wa maendeleo, chini ya milima ile ile kilijengwa Kiwanda cha Viatu Morogoro kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya viatu hivyo iuzwe Ulaya. Jengo lake lilikuwa na kuta za bati la alumini zisizopitisha hewa, kana kwamba mchoraji hakupata kuambiwa jua la Morogoro likoje. Kiwanda hakikupata kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, hakikuuza Ulaya jozi moja, na mwaka 1990 kilifungwa. Wataalamu walioandika makadirio yake walirudi makwao na mishahara yao. Deni lilibaki hapa, likahesabiwa kwa dola.

Haki itendeke: si kila senti ya deni la miaka ile ilitokana na makosa yetu. Bei ya mafuta ilipanda 1973 na tena 1979, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipiganwa kwa gharama ya Taifa lenyewe, na mkonge na kahawa havikununua tena trekta kama zamani. Mwalimu Nyerere alikuwa na haki ya kuwauliza wakubwa wa dunia kama watoto wafe njaa ili madeni yalipwe. Hakujibiwa. Mwaka 1986 nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka iliyofuata mzazi alirudi kulipia elimu ya mwanawe.

Ndipo msamaha ukaja. Novemba 2001 Tanzania ilitimiza masharti ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, na malipo ya takriban dola bilioni 3, yaliyokuwa yalipwe kwa miaka mingi, yakafutwa. Mwaka 2006 Shirika la Fedha, Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zilifuta sehemu nyingine kubwa. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2001. Wanafunzi waliokuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000 walizidi milioni 7 kufikia 2005. Anayesema kwamba msamaha ule haukuwa na faida hakufundisha darasa la kwanza mwaka 2002.

Hata hivyo, katika mwaka ule ule wa 2001, nchi iliyokuwa ikiomba kusamehewa ilinunua rada kwa pauni milioni 28, kwa mkopo wa benki ya biashara. Hata ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza, nchi ya muuzaji, Bi. Clare Short alipinga. Baadaye kampuni ya BAE Systems ilikiri mahakamani kosa la kutoweka kumbukumbu za hesabu sawasawa, ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha hizo, ambazo wananchi waliziita chenji ya rada, ndizo zilizonunua vitabu na madawati. Walimu wengi wamefundisha kwa vitabu hivyo bila ya kuambiwa vilipitia njia gani.

Mtumishi wa umma anayengoja msamaha mwingine afahamu kwamba wakopeshaji wamebadilika. Kati ya trilioni 107.70, trilioni 72.94 zilikuwa zikidaiwa nje, na humo zimo benki za biashara, ambazo hazina desturi ya kusamehe. Trilioni 34.76 zilikuwa zikidaiwa humu ndani, na miongoni mwa wadai ni mifuko ya hifadhi ya jamii. Desemba 2021 Serikali ilitoa hatifungani ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kwa mfuko wa PSSSF ili kulipa deni la michango ya watumishi wa kabla ya 1999. Kwa maneno mengine, mwalimu ni mmoja wa wakopeshaji wa nchi hii. Deni hilo likisamehewa, atakayekuwa amesamehe ni yeye, kwa pensheni yake.

Na misaada? Januari 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi amri, na miradi ya afya iliyotegemewa miaka ishirini ikasimama katika muda wa siku chache. Mtoa msaada hakuvunja mkataba wowote na mgonjwa. Hakupata kuwa nao. Mwaka 1965 Tanzania ilipoteza misaada ya Ujerumani Magharibi na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 kwa kushikilia msimamo wake. Tofauti ni kwamba safari ile tulichagua wenyewe.

Kukopa kutaendelea, na hakuna ubaya ndani yake. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakimbia kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na sehemu ya gharama yake ni mkopo wa dola bilioni 1.46 ulioratibiwa na benki ya Standard Chartered mwaka 2020. Reli hii si kiwanda cha viatu, watu wanaipanda. Lakini nauli inalipwa kwa shilingi na mkopo unadaiwa kwa dola, kwa hiyo shehena ya kuuzwa nje ndiyo itakayotoa hesabu. Karatasi za miradi zinazoandikwa katika halmashauri zina nafasi ya kiasi, ya mkandarasi na ya muda. Afisa mipango wa Morogoro angeongeza nafasi moja ya kueleza mdalasini, karafuu na pilipili manga ya Matombo vitashukaje hadi Bigwa wakati wa masika, na vitafika kwenye behewa vikiwa na bei gani.