Sindano chafu jalalani: Nani anamkagua mkaguzi?

HIVI ndugu msomaji, wewe uliyeamka alfajiri ya leo kwenda kutafuta riziki, umeshawahi kujiuliza sindano inakwenda wapi baada ya nesi kukuchoma? Unapandisha suruali, unachechemea hadi nje, unamshukuru Mungu, basi. Sindano umeiacha ndani. Lakini usidhani mmeagana.

Inaweza kurudi mtaani kwenu siku hiyohiyo, ndani ya kiroba, juu ya guta la kijana mwenzako aliyepewa elfu mbili "akatupe uchafu". Hakuambiwa uchafu gani. Hana glovu, hana buti, miguuni ana ndala. Akibeba kiroba begani anahisi kitu kimemchoma. Anasonya, anajifuta kwa kona ya fulana, anaendelea na safari. Jioni anakula chipsi zake, analala. Hajui kwamba siku hiyo amecheza kamari ambayo hakuwekewa hata dau.

Hatusemi haya ili kumtisha mtu. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeshapiga hesabu. Mtu akichomwa mara moja na sindano iliyotumika kwa mgonjwa mwenye homa ya ini aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa ni asilimia 30. Kwa homa ya ini aina ya C ni asilimia 1.8, na kwa virusi vya UKIMWI ni asilimia 0.3. Soma tena tarakimu hizo. Sisi vijana tumefundishwa kuogopa UKIMWI, na ni vema. Lakini hicho kirusi cha homa ya ini B, ambacho kinaweza kukaa nje ya mwili wa mtu kwa siku saba au zaidi kikiwa bado kina nguvu, nani amewahi kuja kijiweni kwenu kukueleza habari zake?

Wakubwa watatujibu haraka: sheria ipo. Ni kweli, sheria ipo, tena ziko tele. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Ipo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Zipo kanuni za taka hatarishi. Upo mwongozo wa Wizara ya Afya unaosema taka za kawaida ziende kwenye pipa lake, zenye maambukizi zikae kwenye pipa la njano, zenye maambukizi makali kwenye jekundu, na sindano ziingie kwenye kisanduku kigumu kisichotoboka, kifungwe kinapojaa robo tatu. Kwa makaratasi, nchi hii ni safi kuliko Uswisi.

Tatizo letu siyo sheria. Tatizo letu ni nani anakwenda kuangalia kama inafuatwa, na anaangalia nini.

Ukaguzi wa mezani ndugu msomaji unaujua. Mkaguzi anaingia ofisini, anakaribishwa kiti, anafunguliwa faili. Kichomea taka mnacho? Tunacho, mheshimiwa. Mapipa ya rangi? Yale pale, mheshimiwa. Anaweka alama ya vema, anasaini, anakunywa soda yake, anaondoka. Hakuna aliyemwongoza nyuma ya jengo kuona kama kichomea taka hicho kinawaka au kimegeuka banda la kuku. Hakuuliza mafuta ya kukiwashia yalinunuliwa lini. Hakuuliza majivu yanamwagwa wapi, wakati ndani ya majivu hayo sindano zilizoungua nusu bado zina ncha. Hakupima moto. WHO inataka joto la nyuzi 850 hadi 1,100 ili taka hizi ziungue sawasawa. Moto wa chini ya hapo, hasa ukiunguza plastiki zenye klorini, unatoa sumu za dioksini na furani. Moshi huo hauendi Masaki. Unashuka kwenye nyumba zilizo nyuma ya ukuta, pale ambapo mama mwenye nyumba ameanika nguo na mwanawe anacheza chandimu.

Na huyo mkaguzi ni nani? Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Zahanati ya serikali ni ya halmashauri. Kituo cha afya ni cha halmashauri. Dampo ni la halmashauri. Aliyepewa zabuni ya kuzoa taka amepewa na halmashauri. Na Afisa Afya anayetakiwa kuwakagua wote hao ni mwajiriwa wa halmashauri hiyohiyo, bosi wake ni mkurugenzi mwenye vyote hivyo. Wazee wetu walishasema: kesi ya ngedere huwezi kumpelekea nyani. Sisi hatumlaumu Afisa Afya. Wengi wao ni vijana wasomi, wanaijua kazi. Lakini mtu atamwandikiaje faini anayesaini mshahara wake?

Mwaka 2023 tuliona Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira likifunga baa, Dar es Salaam na mikoani, kwa sababu ya kelele za muziki. Sawa, kelele zinasumbua, watu wanataka kulala. Lakini tunauliza: vipimo vya kupimia sauti ya spika vilipatikana, wino wa kuandikia faini ulipatikana, ule ujasiri wa kugonga mlango usiku ulipatikana. Mbona ujasiri huo hatuuoni ukigonga mlango wa nyuma wa hospitali? Au sindano ina kosa gani, haina sauti?

Tunakumbusha historia, maana wapo wanaodhani mlalahoi wa mjini hajawahi kuishinda serikali. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliliburuza Jiji la Dar es Salaam mahakamani kwa sababu ya dampo lililokuwa likifuka moshi milangoni kwao. Wakashinda. Jiji halikuona aibu, likarudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kutupa. Jaji Lugakingira alishangaa waziwazi kuona mamlaka ya umma inasimama mbele ya mahakama kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Dampo likahamia Kunduchi Mtongani. Huko nako watu 795 wakafungua kesi mwaka 1991, nao wakashinda. Baadaye taka zikaenda Vingunguti, zikaenda Mtoni, hatimaye Pugu Kinyamwezi. Angalia ramani hiyo, ndugu msomaji. Miaka yote hiyo dampo halikuwahi kupotea njia likaangukia Oysterbay.

Watasema hakuna fedha. Wimbo huo tumeusikia mpaka tumeukariri. Basi tuhesabu pamoja. WHO inasema karibu asilimia 85 ya taka zote za hospitali ni taka za kawaida: makaratasi, maganda ya ndizi, mabaki ya ugali. Zenye hatari ni asilimia 15 tu. Ukizitenga palepale kitandani kwa mgonjwa, kazi ya kuunguza inabaki ndogo. Ukizichanganya, lundo lote linageuka kuwa la hatari, na gharama inapanda. Kwa hiyo anayeshindwa kununua mapipa matatu leo ndiye anayelia kesho kwamba mafuta ya kichomea taka ni ghali. Huo siyo umaskini, ni uzembe unaojificha nyuma ya umaskini. WHO iliripoti mwaka 2022 kwamba katika nchi maskini zaidi duniani, vituo 6 kati ya 10 havina uwezo wa kushughulikia taka vinazozalisha. Serikali ituambie: kati ya vituo vyetu, vingapi vimo kwenye hao 6? Vitajwe kwa majina.

Tunachodai hakihitaji wafadhili. Kwanza, mkaguzi asitoke kwenye halmashauri inayokaguliwa. Afisa wa wilaya moja akague wilaya nyingine, na aje bila kupiga simu. Pili, ukaguzi uifuate taka yenyewe: kutoka kitandani, hadi kwenye pipa, hadi kwenye gari lenye kibali, hadi kwenye moto, hadi shimo la majivu. Kilo zilizotoka wodini zilingane na kilo zilizofika kwenye moto. Zikipungua, mtu aeleze. Tatu, matokeo yabandikwe ukutani, pale watu wanapopanga foleni ya dawa, kama matokeo ya kura yanavyobandikwa kituoni. Nne, mzoa taka achanjwe homa ya ini B, apewe buti na glovu ngumu, na asipewe mzigo usio na jina. Tano, sheria isiwe ya hospitali ya serikali na zahanati uchwara tu. Hospitali binafsi yenye vioo na kiyoyozi nayo ifunguliwe mlango wa nyuma.

Na tusijifanye malaika. Chama hiki kinaomba kura, na kikipata halmashauri kitarithi mapipa hayohayo na dampo hilohilo. Diwani wetu atakayekaa kimya guta likipita na viroba vya hospitali, tutamwandika katika ukurasa huuhuu, kwa herufi zilezile. Mageuzi ya kubadilisha rangi ya bendera na kuacha sindano jalalani siyo mageuzi.

Wewe kijana unayesoma gazeti hili la kuazimana kijiweni, una kazi ya kufanya. Sheria ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na inampa haki ya kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa. Siyo fadhila ya mkuu wa wilaya. Ukipewa kazi ya kubeba viroba kutoka zahanati, uliza ndani kuna nini kabla hujapokea hela. Ukiona mabomba ya sindano au mipira ya dripu jalalani, usiguse. Piga picha, peleka kwa mwenyekiti wa mtaa, dai iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano. Na ukichomwa, usisonye ukaondoka. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usilinyonye, nenda hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze kabla ya saa 72 kupita. Waulize pia kuhusu chanjo ya homa ya ini. Mwambie na mwenye guta, mwambie na mwokota chupa, maana hao hawana muda wa kusoma tahariri.

Kwa wakubwa tuna neno moja. Mnapougua mnapanda ndege kwenda kutibiwa India. Sindano mnazochomwa huko zinachomwa kwa utaratibu, kwa sababu yupo anayekagua. Sisi ambao hatuna tiketi tunadai utaratibu huohuo hapa, Buguruni, Manzese na Mbagala.

Mlango wa nyuma tunaujua ulipo. Tutaendelea kuugonga.