Sindano ya Kwanza Ichomwe Zahanati

Mkoani Simiyu, nyuki si mgeni. Mkulima wa pamba humkuta kwenye kichuguu au mti wa kando ya shamba, mchungaji humchokoza pasipo kujua, na mrina asali humwendea kwa makusudi. Wengi wanaoumwa huvimba kidogo na kupona. Wachache hupatwa na mzio mkali uitwao anafilaksisi, unaoweza kuua ndani ya dakika chache. Kwa hao, uhai hutegemea zaidi kinachofanyika katika zahanati ya kijiji kuliko kinachowangoja hospitalini Bariadi.

Uvimbe wa pale alipoumwa tu, hata ukiwa mkubwa, si anafilaksisi. Hatari huanza dalili zinapoenea: vipele na mwasho mwili mzima, ulimi na midomo kuvimba, sauti kukwaruza, kifua kubana, kutapika, kizunguzungu au kuzirai. Vipele huweza kukosekana kabisa. Kwa hiyo, kukosekana kwake kusimpumbaze mhudumu.

Tiba ya kwanza ni moja: adrenalini, ichomwe kwenye msuli wa paja, katikati, upande wa nje. Mtu mzima hupewa 0.5 mg, yaani nusu ya kichupa chenye 1 mg katika mililita 1. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 hupewa 0.3 mg, na wa chini ya hapo 0.15 mg. Hali isipotengemaa, dozi hurudiwa baada ya dakika 5. Haidrokotizoni na Piritoni, ambazo wengi huanza nazo, hazifungui koo wala hazipandishi shinikizo la damu. Ni nyongeza, si mbadala. Wapo wanaohofu kwamba adrenalini itaudhuru moyo. Hofu hiyo ina msingi zaidi dawa inapoingizwa mshipani. Kwenye msuli, kwa kipimo sahihi, hatari yake ni ndogo kuliko ya kuchelewa.

Ndugu wa mgonjwa nao wana sehemu yao. Mwiba wa nyuki utolewe mara moja, kwa ukucha au kwa chochote kilichopo, kwani wepesi ni muhimu kuliko njia. Mgonjwa alazwe chali, miguu iinuliwe. Anayehema kwa shida aketi. Kumsimamisha ghafla, au kumpakia wima kwenye bodaboda kabla ya sindano, kwaweza kuukatisha mzunguko wa damu uliokwisha kudhoofika.

Rufaa ni ya lazima, kwa kuwa dalili huweza kurejea baada ya saa kadhaa, lakini itanguliwe na sindano, isiwe badala yake. Kila zahanati iwe na adrenalini isiyokwisha muda, iliyokingwa na jua na joto, pamoja na karatasi ya vipimo ukutani. Naye aliyewahi kunusurika aambiwe wazi kwamba anaweza kupatwa tena, ili siku hiyo asipoteze muda kungoja uvimbe utulie wenyewe.