Cape Town Inaanzia Kwenye Hotpoti

Mwezi huu naanza na swali ninaloulizwa sana, mara nyingi kwa sauti ya chini: "Tunataka kusafiri nje ya nchi mimi na mwenzangu, na nataka nipungue kabla ya safari. Nianze na kipi?" Anayeuliza ana kazi nzuri, mara nyingine wote wawili wana kazi nzuri, lakini ikifika tarehe 20 hawajui mshahara umekwenda wapi. Na suruali nayo haifungi.

Jibu langu ni kwamba usianze na kimoja ukaacha kingine. Kwa wengi wetu tunaofanya kazi mjini, pesa ya tiketi na kilo za ziada viko sehemu moja, kwenye vile tunavyonunua na kula nje kuanzia saa 7 mchana hadi usiku. Sahani ya chipsi kuku na soda baridi. Zege la haraka kwenye foleni ya kurudi nyumbani. Nyama choma ya Jumamosi, na bia mbili tatu ambazo hakuna aliyewahi kuzihesabu zikawa tatu kweli.

Tuchukue safari yenyewe ili tusiongee hewani. Mimi kwa wanandoa wa Kitanzania wanaosafiri nje kwa mara ya kwanza napendekeza Cape Town. Sababu ya kwanza ni viza. Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida haombi viza ya Afrika Kusini kwa matembezi ya muda mfupi. Linganisha na Ulaya, ambako viza ya Schengen imepanda hadi euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hairudishwi ukinyimwa, na lazima uwe na bima ya safari inayofika angalau euro 30,000. Yaani wawili mnatoa euro 180 kabla hamjajua kama mnakwenda. Pesa hiyo Cape Town mnakula nayo siku kadhaa.

Sababu ya pili ni kwamba ule mji unakutembeza. Utashuka kilo pale pale ukiwa likizo, kama hutakubali kushindwa na sahani zao. Nitafika huko.

Hesabu ya mezani

Chukua mfano wa wawili wanaofanya kazi Posta na kuishi Tabata. Bei badilisha kwa zile za ofisini kwako. Kila mmoja anakula mchana kwa 8,000 pamoja na soda. Chakula cha kubeba kutoka nyumbani, ukijumlisha mchele, maharage, mboga na kipande cha samaki, tuseme kinagharimu 3,000. Tofauti ni 5,000. Siku za kazi ni kama 22 kwa mwezi, lakini Ijumaa 4 nawaachia mle na wenzenu, maana mtu anayejitenga na meza ya ofisi miezi 10 mfululizo atarudi kwa kishindo. Zinabaki siku 18. Mara 5,000 ni 90,000 kwa mtu, 180,000 kwa wawili. Kwa miezi 10 ni 1,800,000.

Halafu Jumamosi. Kama mtoko wenu wa nyama na vinywaji ni 70,000 kila wiki, toka Jumamosi moja, ruka moja. Mmeokoa 140,000 kwa mwezi, na kwa miezi 10 ni 1,400,000. Jumla 3,200,000. Haitoshi safari nzima ya watu wawili, nisikudanganye, ila ipeleke kwa wakala wa tiketi uone inavyopunguza mzigo. Kinachobaki ndicho mnachokitafuta kwenye mshahara kwa kiasi cha kila mwezi mlichokubaliana, na hapo mwekeane ukweli kuhusu ada ya shule ya mdogo wako, dawa za mama, na kadi za michango ya harusi. Bajeti ya safari isiyo na mstari wa michango ya harusi imeandikwa na mtu asiyeishi Tanzania.

Pesa hiyo isikae kwenye simu. Ikikaa kwenye simu inatumika, si unajua tena. Iwekeni mahali ambapo kuitoa kunachukua siku kidogo: akaunti isiyo na kadi, kikoba mnachokiamini, au mfuko wa uwekezaji wa pamoja kama Ukwasi wa UTT AMIS. Na tafadhali, msiende kwa mkopo wa kausha damu. Nawajua watu waliopiga picha nzuri sana ufukweni Camps Bay, wakarudi kuuza friji.

Nani atapika?

Hapa ndipo mipango mingi inapokufa, na inakufa wiki ya tatu. Kwenye karatasi hotpoti mbili ni kitu rahisi. Saa 11 alfajiri, mwanamke ambaye jana alirudi saa 2 usiku na foleni ya Mandela, ndiye anayesimama jikoni kufungasha. Mume anaokoa 5,000 yake akiwa amelala. Wiki ya kwanza ni mapenzi, wiki ya pili ni kimya, wiki ya tatu anasema "leo kanunue tu", na safari imeishia hapo. Baadaye mnaambiana kwamba hamna nidhamu ya pesa. Nidhamu ipo, ila kazi iligawanywa vibaya.

Kwa hiyo andikeni zamu, kwenye karatasi, mlangoni mwa friji. Jumapili mmoja anachemsha maharage au kunde za wiki nzima, mwingine anakwenda sokoni na kusafisha samaki na dagaa. Maharage yagawanywe kwenye vikopo na kugandishwa. Usiku mmoja anapika chakula cha jioni kinachotosha na kesho mchana, mwingine anafungasha na kuosha vyombo. "Baba Junior, leo zamu yako" si dharau kwa mwanamume. Kama mna dada wa kazi, msimbebeshe mpango wenu wote bila kumwongeza chochote; yeye hapandi ndege.

Na jambo moja kwa akina baba, nalisema kwa upendo. Kumwambia mkeo "jipunguze kwanza ndiyo tusafiri" ni sentensi atakayoikumbuka kuliko safari yenyewe. Kitambi chako nacho kinapanda ndege.

Sahani yenyewe

Sitaki mtu ale majani kama mbuzi. Ugali ubaki, wali ubaki. Kinachobadilika ni ukubwa na mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au protini ina 4, na ya pombe 7. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120, na mboga nyingi za nyumbani kwetu zinamiminiwa kutoka kwenye kidumu bila kijiko. Anza kupima kwa kijiko, mwezi mmoja tu, utashangaa dumu linavyochelewa kuisha. Hiyo nayo ni pesa ya tiketi.

Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, kabichi au kachumbari. Robo ugali au wali, robo maharage, samaki, kuku asiyekaangwa au mayai ya kuchemsha. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na kwa nchi yenye maembe na mapapai kama yetu hatuna kisingizio. Tunda lilile, usilisage na sukari.

Soda naipa aya yake. Chupa ya nusu lita mara nyingi ina sukari karibu gramu 50, vijiko vya chai 12 hivi. Hakuna mtu anayeweka vijiko 12 kwenye chai. Ni kalori kama 200, na kwa siku 22 za kazi zinafika 4,400, bila kugusa sahani. Juisi ya boksi siyo mbadala, jamani, mara nyingi sukari yake haina tofauti kubwa.

Mwendo mzuri wa kupungua ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na wengi watakwenda polepole zaidi. Ndiyo maana nasema miezi 10. Anayekumbuka uzito wiki 4 kabla ya ndege ndiye anayeangukia kwenye chai za kupunguza tumbo na vidonge vya Kariakoo visivyo na maelezo. Nyingi ya chai hizo zinakuharisha tu, unapoteza maji unafikiri ni mafuta. Vidonge ni hatari zaidi. Dawa ya sibutramine iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwenye moyo na mishipa, lakini imeendelea kukutwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama "za asili". Sindano za kisasa za kupunguza uzito ni suala la daktari, hazinunuliwi kwa shoga wa saluni. Na kama una kisukari, presha, au unanyonyesha, ongea na daktari kabla ya kubadili chakula.

Mkifika

Desemba na Januari Cape Town inajaa na bei zinapaa. Juni hadi Agosti ni nafuu ila ni baridi na mvua. Machi na Aprili, au Septemba na Oktoba, ndiyo kati na kati. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na iwe hai angalau siku 30 baada ya safari. Muwe na tiketi ya kurudi na anwani ya mnapofikia, maana uwanjani mnaweza kuulizwa. Ukiunganisha ndege Nairobi au Addis Ababa, uliza mapema kuhusu cheti cha homa ya manjano.

Malazi chukueni yenye jiko. Asubuhi mayai, mkate wa ngano isiyokobolewa na matunda kutoka supamaketi, na maji ya bomba ya mji ule yananyweka. Mchana mle mgahawani, maana bei ya mchana mara nyingi ni rafiki, na usiku kitu chepesi nyumbani. Sahani zao za nyama ni kubwa, agizeni moja mgawane. Kuna mkate wao mrefu unaitwa gatsby, umejazwa chipsi na nyama. Wenyewe huukata na kula watu kadhaa, kwa hiyo usijaribu kuumaliza peke yako. Bakshishi ni asilimia 10 hadi 15, iwekeni kwenye bajeti tangu nyumbani.

Kutembea kandokando ya bahari Sea Point ni bure. Table Mountain mnaweza kuupanda kwa miguu kupitia Platteklip Gorge na kushuka kwa gari la kamba, lakini pandeni asubuhi, pamoja na watu wengine, na muulize kwanza upepo, kwa sababu ukivuma sana gari la kamba halifanyi kazi. Robben Island, alikofungwa Mandela miaka 18 kati ya 27, katieni tiketi mapema. Zawadi za ndugu ziwe na kiwango na orodha ya majina, la sivyo siku ya mwisho randi zote zinaishia kwenye fulana. Tunzeni risiti: manunuzi ya kuondoka nayo yakizidi randi 250, mnaweza kudai VAT uwanja wa ndege.

Mkirudi msipande mizani siku hiyo hiyo. Chumvi ya migahawani na saa nyingi za kukaa kwenye ndege hushika maji mwilini, namba itawatisha bure. Subirini wiki. La muhimu zaidi ni Jumatatu ya kwanza kazini: acheni vikopo vinne vya maharage vimegandishwa kabla ya kuondoka, na zamu ya kuvipasha iandikwe mlangoni mwa friji, kwa jina, kabla mabegi hayajafungwa.