Chimbeni Mitaro Kwanza, Tingatinga Baadaye

Wasee, tuongee ukweli. Mashamba ya kahawa Kiambu yanageuzwa ploti, na hakuna mtu anauliza chini ya udongo kuna nini.

Shida ni tunadhani historia ni mawe. Ukitaja magofu, watu wanakumbuka Gede na Fort Jesus, basi. Lakini mababu wengi wa bara walijenga kwa miti na udongo. Nyumba ikioza, kinachobaki ni doa jeusi mahali nguzo ilisimama, majivu ya jiko na vigae vya vyungu. Urewe, jina ambalo wanaakiolojia wa Maziwa Makuu wanatumia kwa vyungu vya kale, ni mahali huko Siaya. Vyungu vya Kwale navyo vina zaidi ya miaka 1,500. Kijiji kama hicho tingatinga linakifuta asubuhi moja, na dereva hata hajui.

Na dawa iko: mitaro ya majaribio. Kabla ya ujenzi, mashine inatoa udongo wa juu, ule unaolimwa, kwa mitaro mirefu, kama mita 30 kwa 2, iliyotawanywa shambani. Mtaalamu anasimama hapo akiangalia rangi ya udongo inabadilika wapi. Kisipopatikana kitu, mnafukia, mnajenga. Kikipatikana, mnachimba sehemu hiyo polepole au mnasogeza msingi. Si shamba lote, kawaida ni asilimia chache tu. Uingereza, mwongozo wa serikali wa 1990 ulifanya kazi hii iwe ya kawaida kabla ya kibali kutolewa, na mwenye mradi ndiye hulipa.

Sisi je? Sheria yetu ya makumbusho na turathi ya 2006 inasema ukigundua kitu cha kale, utoe taarifa ndani ya siku 7. Poa. Lakini nani ataripoti doa jeusi asilolijua? Yaani tunangoja kitu kivunjwe ndio tupige simu.

Najua mtasema watu wanataka nyumba, msicheleweshe mjengo. Enyewe nyumba tunahitaji, na mkulima asibebeshwe hiyo bili. Lakini mradi unaoweza kumngoja mpima ardhi na vipimo vya udongo wa msingi unaweza kungoja mitaro pia.

Kwa hivyo ripoti ya tathmini ya mazingira ikiletwa mtaani kwenu kwa maoni ya umma, usiende kuchukua soda tu. Uliza: mlichimba mitaro mingapi, na wapi? Wakikosa jibu, andika pingamizi.