Kompresa ya pwani humeza maji

Kiwanda cha Dar es Salaam, Tanga au Mombasa kikitaka kompresa, mazungumzo hutawaliwa na nguvu ya mota, ukubwa wa tangi na bei. Kipozeo na kikaushio cha hewa huwekwa mkiani, na fedha ikipungua ndivyo vinavyokatwa kwanza. Hilo ni kosa, na pwani gharama yake ni kubwa kuliko Arusha au Nairobi. Hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 hubeba takribani gramu 24 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Kompresa inayovuta mita za ujazo 10 kwa dakika humeza, basi, lita 14 hivi za maji kila saa. Ikiibana hewa hiyo hadi moja ya nane ya ujazo wake, hewa hupata joto kali, na joto ndilo linaloyaficha maji. Kipozeo kikiishusha hadi nyuzi 40, kama lita 10 hugeuka matone na kutolewa. Lita nne zilizosalia huendelea na safari zikiwa mvuke, katika hewa iliyoshiba kabisa, na kila bomba linapopita penye ubaridi kidogo, matone huanza kutiririka. Kikaushio kinachoipoza hewa hadi nyuzi 3, kwa mtindo wa jokofu, hubakiza chini ya nusu lita.

Wapo wanaosema koki iliyo chini ya tangi inatosha. Koki hutoa maji yaliyokwisha kuwa maji. Mvuke hupita juu yake bila kizuizi. Ndiyo maana mabomba huota kutu kwa ndani, vilainishi huoshwa kwenye valvu, na rangi ya gari hufanya malengelenge siku chache baada ya kupulizwa. Kwenye kiwanda cha saruji hali ni mbaya zaidi: mifuko ya kuchujia vumbi husafishwa kwa mapigo ya hewa hiyohiyo, na saruji ikikutana na maji hufanya kazi yake ya kawaida, yaani kuganda.

Hoja kwamba kikaushio hula umeme ina uzito zaidi. Kikaushio cha mtindo wa jokofu hutumia asilimia chache tu ya umeme wa kompresa, ilhali kuongeza mgandamizo kwa ba moja, ili kushinda vichujio na mabomba yaliyoziba, huongeza matumizi kwa karibu asilimia 7. Nakubali kwamba vikaushio vya chembechembe zinazofyonza unyevu, vinavyoikausha hewa hadi unyevu usijitokeze hata penye nyuzi 40 chini ya sifuri, vingi vyake hula takribani asilimia 15 ya hewa yenyewe ili kujikausha. Kumnunulia mpaka rangi kifaa cha namna hiyo ni kutupa fedha. Kiachwe kwa viwanda vya dawa na mabomba yanayopita kwenye vyumba vya baridi kali.

Mnunuzi asome pia maandishi madogo. Uwezo ulioandikwa kwenye vikaushio vingi umepimwa hewa ikiingia na nyuzi 35, ndani ya chumba cha nyuzi 25. Chumba cha kompresa cha Kurasini, Dar es Salaam, mwezi Februari hakifanani na hicho hata kidogo, kwa hiyo kikaushio kinachotosha kwenye karatasi kitazidiwa. Achague kilicho kikubwa zaidi, na atoboe ukuta joto lipate pa kutokea.