Programu huria isiwe ya wajuzi peke yao

Wandugu vijana wa Banalia na Kisangani,

LibreOffice ni ya bure. Ubuntu nayo ni ya bure, na jina lake ni la Kibantu: maana yake utu. Kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzifungua, kuzigeuza. Sasa kwa nini bado tunaweka programu za kuiba, zenye virusi, ndani ya ordinatere zetu?

Sababu moja ni sisi wenyewe tunaojua. Mtu mwenye anaanza akiuliza, tunamwambia: « Soma kwanza mwongozo! » Mwongozo mara nyingi uko kwa Kiingereza, naye anahesabu mega zake. Tunamcheka, anaenda, harudi tena. Utu uko wapi hapo?

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili: Jambo OpenOffice. Walimfikiria kwanza mwenye kujifunza.

Basi, kila mwenye kujua:
– ajibu kwa Kiswahili ao Lingala;
– abebe programu kwenye fleshi, mwenye hana mega aipate;
– asicheke swali la kwanza.

Tuko wengi wenye diploma bila kazi. Wakati tunao. Kila mmoja afundishe mmoja, kuanzia juma hili!