Gitaa la Pwani, Hewa ya Kisaju

Mpwa wangu aishiye Kisaju, njia ya Namanga, ameniuliza: "Mjomba, ninunue gitaa gani la kupigia blugrasi?" Nilicheka, maana mimi ni mtu wa udi. Lakini udi nao hupigwa kwa kipande cha pembe, kama Doc Watson wa Marekani alivyopiga gitaa lake. Si kwa kidole gumba na cha shahada kama Mwenda Jean Bosco.

Blugrasi ina banjo na fidla, vyombo vya makelele. Gitaa dogo humezwa. Hutakiwa kubwa, pana kiunoni, la umbo la Dreadnought, lililoanza kuundwa na Martin mwaka 1916 na kupewa jina la manowari ya Kiingereza. Na uso uwe wa sprusi, ubao mzima, ndio uvumao.

Basi amepata la namna hiyo hapa Mombasa, kwa akiba yake ya mwaka. Naogopa. Ubao huo umezoea unyevu wa bahari. Kiangazi cha Kisaju kitausinyaza, upasuke. La mbao za kugandishwa huvumilia, ingawa sauti yake ni hafifu. Nimemwambia: "Mwanangu, ukilitaka hilo, nunua na sanduku, utie ndani sponji yenye unyevu katika kisahani cha sabuni kilichotobolewa."

Amejibu kuwa sanduku ni ghali.